Usiku mkavu ziwani: nani anaulipia?

Wakenya wengi wakisikia jina Osiri hufikiria dhahabu: machimbo ya Osiri Matanda huko Nyatike, kaunti ya Migori, na vijana wanaoshuka ardhini kwa kamba kutafuta mawe yenye mng'aro. Lakini ukanda huo una uchumi wa pili ambao huamka wachimbaji wanapolala. Usiku wa giza, ukisimama ufuoni kuanzia Muhuru hadi Karungu, au ukivuka kuingia Homa Bay mpaka Sindo na Mbita, ziwa huonekana kama mji mzima umehamia majini: taa kwa taa, mstari kwa mstari, zinapanda na kushuka na mawimbi. Ndizo taa za wavuvi wa omena. Mgeni huzitazama akadhani kila taa imekaa juu ya samaki, kumbe sivyo. Taa ya usiku wa neema na taa ya usiku mkavu zinawaka sawasawa na kula mafuta sawasawa, na tofauti hujulikana alfajiri, boti inapogusa mchanga. Hoja ya makala haya inahusu boti inayogusa mchanga ikiwa nyepesi. Usiku mkavu si mkosi wala uzembe. Ni sehemu ya kawaida ya kazi hii, na kwa kiasi kikubwa hutabirika. Kwa kuwa tumezoea kuuita bahati mbaya, hauandikwi, na usipoandikwa gharama yake huteremka kimyakimya hadi kwa wale wasio na uwezo wa kuibeba.

Tuanze na samaki mwenyewe. Omena, ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, ni samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye wataalamu humwita Rastrineobola argentea. Mchana wakubwa wao hukaa chini karibu na tope, na jua likizama hupanda juu kufuata vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Uvuvi wa taa umejengwa juu ya tabia hiyo. Taa huwekwa juu ya maboya ya mbao na kuachwa zielee, watu wanangoja kwa saa kadhaa, vijidudu vinakusanyika penye mwanga na omena wanavifuata. Hapo wavu wenye matundu madogo, ambayo sheria ya Kenya inataka yasipungue milimita 10, huzungushwa na kuvutwa. Ujanja wote uko katika tofauti kati ya mwanga wa taa na giza linaloizunguka. Mwezi unapokuwa mpevu tofauti hiyo huyeyuka, kwa sababu ziwa zima limepata taa moja kubwa na samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu. Ndiyo maana boti nyingi huvutwa nchi kavu kwa siku kadhaa kila mbalamwezi inapotawala, na ndiyo maana wavuvi wa dagaa wa Unguja, Pemba na pwani yote, ambao hawajawahi kuliona ziwa hili, hupumzika kwa kalenda hiyo hiyo. Sehemu moja ya ukavu, basi, imeandikwa angani, na mtu yeyote mwenye kalenda anaweza kuihesabu mwaka mzima kabla haujaanza.

Sehemu ya pili huletwa na hewa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kina chake kwa wastani ni kama mita 40 tu, kwa hiyo hutunza joto la mchana hadi usiku. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku mambo hugeuka. Pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya maji yenye joto, hewa hupanda, na mawingu ya radi huzaliwa saa zile zile ambazo wavuvi wa omena wako kazini. Utafiti ulioongozwa na Wim Thiery, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications, ulionya kwamba dhoruba kali za usiku juu ya ziwa hili zitazidi makali kadiri dunia inavyopata joto. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji katika Ziwa Victoria kila mwaka. Nahodha anayeona wingu limeanza kuumuka upande wa Mfangano, akazima taa saa saba za usiku na kurudi, atafika ufuoni bila kitu. Daftari la mauzo halitamtofautisha na aliyelala. Hata hivyo huenda uamuzi wake ndio uliokuwa wa busara kuliko yote usiku huo. Utaratibu wa fedha unaomwadhibu kila anayerudi mtupu unamfundisha mvuvi angoje chini ya wingu saa moja zaidi, na saa hiyo moja ndiyo inayoua.

Utaratibu wenyewe unafanya kazi namna gani? Kila ufuo una desturi yake, lakini kanuni inayojulikana kando ya ziwa ni kwamba gharama za usiku hutolewa kwanza, yaani mafuta ya taa, petroli ya injini na chakula, halafu kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye boti na vijana walioingia majini. Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone hesabu inavyokwenda. Gharama ni shilingi 2,000, boti ina vijana wanne, na masalio hukatwa nusu kwa nusu. Usiku mzuri umeleta karai kumi, kila moja shilingi 800, jumla 8,000. Toa gharama, zinabaki 6,000: mwenye boti 3,000 na kila kijana 750. Usiku unaofuata umeleta karai tatu, na kwa kuwa samaki wameadimika bei imepanda hadi 1,000. Mapato ni 3,000, masalio ni 1,000, na kila kijana anaondoka na 125. Samaki wamepungua kwa asilimia 70, lakini ujira umepungua kwa zaidi ya asilimia 83, kwa sababu mafuta ya taa hayajui kwamba usiku ulikuwa mbaya. Sasa badala ya karai tatu weka sifuri. Shilingi 2,000 za gharama hazifutwi, zinageuka deni la boti linalongoja usiku mwingine. Ukifuata usiku wa karai tatu baada ya huo, vijana wanamaliza wakidaiwa 1,000. Mpaka ufike usiku wa tatu, wa karai kumi, ndipo zinabaki 5,000 za kugawana na kila kijana anapata 625. Ukizigawa kwa siku tatu za kukesha, ni kama shilingi 208 kwa usiku. Usiku mtupu, kwa maneno mengine, hauishi kunapokucha, kwa kuwa unaendelea kukatwa kwenye usiku wa neema.

Gharama hiyo haikomei kwa vijana wa boti. Ufuoni kuna wanawake wanaongoja tangu alfajiri na makarai yao, wengi wakiwa wametanguliza fedha ili wapate samaki boti ikifika. Omena wabichi hawangojei mtu. Wanatakiwa waanikwe asubuhi hiyo hiyo juu ya nyavu kuukuu au vichanja, wageuzwe, waokolewe mvua ikianza, kisha wauzwe kwa gorogoro sokoni. Mama aliyepanga kuanika karai nne akapata nusu moja amelipa nauli ile ile, amefunga kibanda chake siku hiyo, na fedha alizotanguliza zimekwama kwa mwenye boti. Baya zaidi ni kile kinachotokea samaki wachache wanapogombewa na wanunuzi wengi. Hapo swali haliwi tena bei ni ngapi, linakuwa nani atapewa kwanza, na ndipo fuo za ziwa hili zikapata msamiati wa jaboya, yaani uhusiano wa kimwili unaotangulizwa ili mnunuzi apate nafasi kwenye boti. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya virusi vya ukimwi yakiwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13.0 Migori, huku wastani wa nchi ukiwa 4.9. Hakuna mtu makini atakayesema omena ndiye chanzo cha tarakimu hizo, kwani sababu ni nyingi. Lakini haihitaji utafiti mkubwa kuona kwamba nguvu ya mwenye samaki juu ya asiye nao hukua kadiri karai zinavyopungua. Kundi la wanawake wa Nduru, kaunti ya Kisumu, lililoanzisha mwaka 2011 mpango wa kumiliki boti zao wenyewe ili kuukata mnyororo huo, lilielewa jambo hilo vizuri: aliye na boti anaweza kuusubiri usiku mkavu upite, na asiye nayo hulazimika kulipa kwa alichonacho.

Pingamizi la kwanza ni la kale, na lina heshima yake. Watasema uvuvi ni bahati, na wahenga walishanena kwamba riziki haivutwi kwa kamba. Ni kweli kwamba hakuna awezaye kusema boti fulani itapata karai ngapi Jumanne ijayo. Lakini kutojua usiku mmoja si sawa na kutojua mwezi. Mkulima wa mahindi hajui mvua itanyesha lini hasa, ila anajua msimu, na kwa msimu huo anapanga mbegu, deni na akiba. Mvuvi wa omena ana msimu wake pia, kwani anajua mbalamwezi inaanza lini, miezi ya upepo ni ipi, na usiku mingapi kwa kawaida humrudisha mikono mitupu. Methali haikukusudiwa kumkataza mtu kuhesabu. Inatufariji tukikosa, na faraja hiyo haipaswi kugeuzwa kisingizio cha kutojiandaa, hasa pale anayefarijiwa ni kijana wa boti na anayefariji ndiye mwenye kugawa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwenye boti naye hupoteza. Yeye ndiye aliyenunua mbao, injini, wavu na taa, wavu ukichanika ni wake, na katika mfano wetu fungu lake nalo lilishuka kutoka 3,000 hadi 500. Haki lazima imwone. Hata hivyo hasara mbili zinazolingana kwenye karatasi hazilingani jikoni. Mwenye boti mbili au tatu anaweza kukosa kwenye moja na kupata kwenye nyingine, na hata mwenye moja hurudishiwa gharama kabla ya mtu yeyote kugawiwa. Kijana anayevuta wavu ana mwili mmoja na usiku mmoja. Wala sidai kwamba mwenye boti abebeshwe mzigo wote, kwani hilo lingezifunga boti ndogo na kuwaachia ziwa matajiri wachache. Ninachodai ni kwamba mzigo unaojulikana hugawanywa kwa makubaliano, na mzigo usiojulikana hugawanywa kwa nguvu. Mkiwa na rekodi ya mwaka mzima inayoonyesha kwamba boti za ufuo huu hurudi tupu usiku mmoja kati ya mitano, tuseme, mnaweza kukubaliana kwamba karai moja ya kila usiku mwema iwekwe akiba ya mafuta ya usiku mbaya, na deni lisianguke kwenye ujira. Bila rekodi, mazungumzo hayo hugeuka ugomvi wa kumbukumbu, na katika ugomvi wa namna hiyo kumbukumbu ya mwenye fedha ndiyo inayoshinda.

Wapo watakaosema teknolojia imekwisha kulitatua tatizo. Mbita kilifunguliwa mwaka 2008 kituo cha nishati cha kampuni ya taa ya Osram ambako wavuvi walikodi taa za betri zinazochajiwa kwa jua, badala ya karabai za mafuta ya taa. Sababu zilikuwa nzuri, na zikaongezeka Septemba 2018, serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta. Taa za jua zinapunguza gharama ya usiku mkavu, na kila shilingi inayopungua pale juu ya hesabu ni nafuu kwa anayegawiwa mwisho. Lakini taa, hata iwe nafuu kiasi gani, haimleti samaki ambaye hayupo, wala haiushindi mwezi. Wengine watataja vizimba, kama vile vya kufugia sato ambavyo sasa vinaonekana katika ghuba nyingi za Homa Bay. Kizimba hakina usiku mkavu, samaki wake wanajulikana idadi. Hilo ni kweli kwa mwenye kizimba. Kinahitaji mtaji wa vifaranga, chakula na walinzi kwa miezi kabla ya kuvuna mara ya kwanza, mtaji ambao kijana wa boti hana. Zaidi ya hayo omena mkavu ni malighafi muhimu ya chakula cha kuku na samaki wa kufugwa. Ufugaji utapanua chakula cha nchi, na ni vizuri, lakini hauwezi kuwa jibu kwa mtu aliye juu ya maji usiku wa leo.

Jambo la kushangaza ni kwamba serikali yenyewe imekwisha kukubali hoja hii, ila nusu yake tu. Kwa miaka mingi Kenya imefunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ili samaki wazaliane. Hiyo ni miezi minne ya usiku mkavu uliopangwa kwa amri. Mantiki yake kwa ziwa ni nzuri, lakini kalenda hiyo inazungumza na samaki peke yao, maana haisemi sahani ya mvuvi itajazwa na nani Mei na Juni. Brazil iliamua vingine. Tangu mwaka 1991 ina bima iitwayo seguro-defeso, inayomlipa mvuvi mdogo mshahara wa kima cha chini kila mwezi ambao sheria inamzuia kuvua. Mpango huo haukukosa dosari, kwani watu wasiojua hata kuvuta wavu walijiandikisha wakalipwa, na ni haki msomaji kuuliza kama sisi tungefanya vizuri zaidi. Lakini dosari hiyo inatuonyesha mahali pa kuanzia. Bima, mkopo au akiba ya ufuo haiwezi kusimama bila kujua nani huvua kweli, usiku mingapi, na hurudi tupu mara ngapi. Udanganyifu huota mahali ambapo kitu pekee kilichoandikwa ni jina.

Mtaalamu wa uvuvi ataniambia kwamba hesabu zipo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa na Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, limekuwa likiratibu sensa za boti na zana tangu mwaka 2000, pamoja na tafiti za mavuno zinazopima pia juhudi ya uvuvi. Kazi hiyo ni ya thamani, na wataalamu hao ndio waliotufundisha kwamba samaki waliotua hawana maana bila kujua watu wamehangaika kiasi gani kuwapata. Lakini sampuli ya nchi tatu hutengenezwa kwa ajili ya sera za nchi tatu. Haimwambii mweka hazina wa ufuo mmoja wa Nyatike deni la nani lifutwe. Karibu na maji, kalamu hufuata ada: kamati za usimamizi wa fuo, zilizopewa kanuni zake mwaka 2007 na ambazo kila mtu huziita BMU, hutoza kwa samaki waliotua, na kwa kawaida asiyetua kitu hana sababu ya kupita mbele ya karani. Matokeo yake ni hesabu inayodanganya bila mtu yeyote kusema uongo. Tuseme mwaka jana boti kumi zilitoka kila usiku, tisa zikarudi na samaki, wastani wa karai nane kwa zilizopata. Mwaka huu ni tano tu zinazorudi na samaki, nazo wastani wake ni karai nane. Daftari litasema ziwa halijabadilika, nane ni nane. Lakini ukiziweka ndani zilizorudi tupu, wastani wa kweli umeporomoka kutoka 7.2 hadi 4. Ishara ya mapema kwamba omena wanapungua ilikuwa kwenye boti tupu, na hakuna aliyeiandika.

Hapa maslahi ya mvuvi na maslahi ya ziwa yanakutana, jambo ambalo si la kawaida katika siasa za uvuvi, ambako mara nyingi kumlinda samaki huonekana ni kumnyima mtu. Safu hiyo hiyo ya daftari inayomsaidia kijana kudai akiba ya mafuta ndiyo inayomsaidia mtaalamu kuona ziwa linachoka, na ndiyo inayomwezesha nahodha kuonyesha kwamba alirudi kwa sababu ya radi wala hakulala. Haihitaji mashine wala mfadhili. Inahitaji daftari lenye safu saba: tarehe, boti, saa ya kutoka, saa ya kurudi, taa ngapi, lita ngapi, karai ngapi, na nafasi ndogo pembeni ya kuandika mwezi au upepo. Kuna hatari ya watu kujaza sifuri za uongo ili kukwepa ada au kugusa akiba, ndiyo, lakini ufuoni macho ni mengi, na boti iliyojaa omena haifichiki kwa akina mama waliosimama na makarai.

Kwa hiyo ombi kwa kamati za fuo, kuanzia Nyatike hadi Rusinga, ni dogo. Boti inayorudi tupu ipite kwa karani kama boti nyingine zote, na kwenye safu ya karai iandikwe sifuri. Usiku ulioachwa bila kuandikwa hauna mwenyewe, na deni lake litamwangukia aliye dhaifu. Wenye sifuri yake una tarehe, una watu wanne waliokesha, una lita zilizoungua, na unaweza kuwekwa mezani siku ya kugawana.